RADONI: MGENI ASIYEBISHA HODI

Nikikuuliza leo adui wa nyumba ni nani, nina hakika utanitajia mwizi, panya, kunguni, mchwa, na pengine yule mwenye nyumba anayekuja kudai kodi alfajiri ya tarehe mosi kabla hujanawa uso. Hata mimi ningetaja hao hao. Lakini tangu mwaka jana nimemfahamu adui mwingine ambaye hana rangi, hana harufu wala ladha, na ambaye huingia kupitia sakafuni ilhali wenyewe wamefunga milango kwa makomeo. Adui huyo ni gesi iitwayo radoni.

Nilipoitaja gesi hii katika kikao cha Chama cha Kiswahili muhula wa kwanza, nilichekwa hadi nikaketi. Mwanachama mmoja (simtaji, anajijua) aliuliza ati kama ni ile gesi ya kupikia imebadilishiwa jina. Mwingine akasema ni ile ya jiko la makaa. Mwalimu mlezi wa chama alinitetea, kisha akaniagiza niandike makala ya kueleza jambo hili kwa Kiswahili kinachoeleweka, maanake darasani mambo ya namna hii tunayasoma kwa Kiingereza, tunayakariri, tunayajibu kwenye mtihani, na kesho yake yameyeyuka. Basi nimeandika. Atakayecheka mara hii na acheke baada ya kusoma.

Shangazi yangu, dadake baba, ni muuguzi katika jimbo la Minnesota huko Marekani. Wakenya ni wengi huko, hasa katika vitongoji vinavyolizunguka jiji la Minneapolis. Mimi nimepewa jina la babu, ambaye ndiye babake mzazi, kwa hivyo yeye huniita "baba", na likizo ikifika haipiti wiki kabla hajapiga simu kuuliza kama "babake" anasoma au anazurura. Miaka minne iliyopita alinunua nyumba iliyojengwa miaka ya 1970. Juu ni ya mbao, na chini yake kuna chumba kikubwa kilichochimbwa ardhini, kuta zake na sakafu yake ni za zege. Wenyewe hukiita besimenti. Kwa kuwa shangazi hufanya kazi zamu ya usiku, alikifanya chumba hicho kuwa chake cha kulala mchana. Kuna giza, kimya, na hakuna mtoto anayelia dirishani. Saa saba au nane kila siku ya kazi alikuwa amejilaza huko chini.

Siku aliyokabidhiwa funguo alipewa makaratasi mengi, na miongoni mwake kijitabu kuhusu radoni. Tangu Januari 2014 sheria ya jimbo hilo humtaka anayeuza nyumba ampe mnunuzi kijitabu hicho, na amwambie kama nyumba iliwahi kupimwa na kilipatikana nini. Lakini sheria haimlazimishi apime. Aliyemuuzia shangazi hakuwa amepima, kwa hivyo hakuwa na la kusema. Shangazi akakitia kijitabu kwenye droo pamoja na stakabadhi za friji, akakisahau.

Aliyemzindua ni muuguzi mwenzake. Huyo alikuwa amemhudumia mgonjwa wa saratani ya mapafu ambaye hakuwahi kushika sigara maisha yake yote, na tangu hapo akawa anamuuliza kila mtu kazini kama amepima nyumba yake. Shangazi, badala ya kununua kifaa cha kupimia, akapiga simu nyumbani kwanza kutafuta ushauri. Baba alikuwa kazini, simu nikaipokea mimi. Nikamjibu kwa ujasiri wa mtu aliyepata A ya Fizikia mara moja tu: "Shangazi, huo ni utapeli. Wanataka kukuuzia mafeni. Kama kungekuwa na gesi mbaya humo ndani ungekuwa umeshaumwa na kichwa." Maneno hayo nayaandika hapa kwa aibu.

Tuanze na hilo la kichwa, kwa sababu ndilo lililowachanganya hata wanachama wenzangu. Gesi inayoleta maumivu ya kichwa, kisunzi na hatimaye mauti ni monoksidi ya kaboni. Hiyo hutoka kwenye moto usiopata hewa ya kutosha, kama vile jiko la makaa lililoingizwa chumbani msimu wa baridi na mlango ukafungwa. Huizuia damu kubeba oksijeni, na inaweza kuua familia nzima kwa usiku mmoja. Radoni haihusiani na moto hata kidogo. Haikuumizi kichwa, haikukohoeshi, haikulevyi. Unaweza kuishi nayo miaka 20 usisikie lolote. Hata kile king'ora cha monoksidi ya kaboni alichobandika shangazi ukutani hakiitambui radoni asilani; kingekaa kimya tu hata nyumba ingekuwa imejaa.

Radoni hutoka mawe na udongo. Karibu kila udongo duniani una chembechembe za urani, hapa nyingi, pale chache; mawe ya graniti kwa mfano huwa na kiasi kikubwa zaidi. Urani hubomoka yenyewe pole pole mno, kiasi kwamba nusu ya fungu lake huchukua miaka bilioni 4.5 kugeuka. Inapobomoka huzaa elementi nyingine, nayo huzaa nyingine, hadi tunafika kwenye radiamu, na radiamu ndiyo humzaa radoni. Ukoo wote huo uliotangulia ni vitu vigumu, vimejikalia ndani ya mwamba havimsumbui mtu. Radoni ndiye mtoto wa kwanza aliyezaliwa gesi. Kwa hivyo yeye hutoka. Hupenya kwenye nafasi zilizo baina ya punje za mchanga, hufuata nyufa za mwamba, hupanda. Akitokea uwanjani upepo humtawanya na hana madhara makubwa. Akitokea chini ya sakafu ya mtu, habari huwa nyingine.

Sasa hapa pana jambo lililonichukua siku mbili kulielewa. Radoni yenyewe si mdhuru mkuu. Ukiivuta, sehemu kubwa unaitoa kama hewa nyingine. Maisha yake ni mafupi: kila siku 3.8 nusu yake huwa imegeuka. Tatizo ni inageuka kuwa nini. Inageuka kuwa poloni, kisha risasi, kisha bismuthi, kisha poloni ya namna nyingine, na vitu hivi si gesi tena. Ni chembe ngumu ndogo ajabu, hunata kwenye vumbi na kwenye ngozi laini ya ndani ya mapafu, na hubomoka hapo hapo baada ya dakika chache zikitoa miale ya alfa. Miale hiyo ni dhaifu kwa kupenya. Karatasi moja ya daftari yatosha kuizuia, na ngozi yako ya nje huizuia bila wewe kujua. Lakini ndani ya mapafu hakuna karatasi. Mfano niliowapa wenzangu ni wa jiwe la manati: likirushwa kutoka nje, ukuta wa nyumba unalizuia, likirushwa na mtu aliye ndani ya chumba, halikosi kuvunja kitu. Kinachovunjwa hapa ni chembehai za mapafu, na zile zinazojirekebisha vibaya ndizo zinazoweza kuwa saratani baada ya miaka mingi.

Waliolipia ujuzi huu kwa maisha yao ni wachimba migodi. Huko Schneeberg, Ujerumani, wachimbaji walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa kifua tangu karne nyingi, watu wakausingizia vumbi, na wengine majini ya milimani. Mwaka wa 1879 madaktari wawili walipasua maiti wakatambua kwamba ugonjwa ule ulikuwa uvimbe wa saratani ndani ya mapafu. Wakati huo hakuna mtu aliyejua radoni ni nini. Yenyewe iligunduliwa mwishoni mwa karne hiyo ya 19. Mwaka wa 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka katika orodha ya vitu ambavyo hakuna tena shaka kwamba humletea binadamu saratani.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hayo ni mambo ya migodini. Kisha, mnamo Desemba 1984, kukatokea kisa ambacho mimi hukipenda kuliko vyote. Mhandisi mmoja aitwaye Stanley Watras alikuwa akifanya kazi katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Limerick, jimbo la Pennsylvania. Mlangoni pa kituo paliwekwa mitambo ya kukagua kama mfanyakazi anatoka na uchafu wa mionzi mwilini. Watras akipita, ving'ora vinalia. Kesho vinalia. Kila siku vinalia. Na kituo chenyewe kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme! Hatimaye ikagunduliwa kwamba uchafu ule hakuutoa kazini, bali aliutoa nyumbani akaja nao kazini. Nyumba yake ilipopimwa ilikutwa na pikokyuri 2,700 kwa lita moja ya hewa. Nitaeleza kipimo hicho hivi punde. Kwa sasa jua tu kwamba kiwango ambacho Wamarekani husema mtu achukue hatua ni 4. Familia ilihama. Nyumba ikashughulikiwa kwa miezi kadhaa, ikawa kama maabara ya kujifunzia namna ya kuiondoa gesi hiyo, kisha wenyewe wakarejea kuishi humo.

Kuhusu vipimo, dunia hutumia mizani miwili, na hili huleta mkanganyo bure. Wamarekani hutumia pikokyuri kwa lita. Wengine wengi hutumia bekereli kwa mita moja ya ujazo, nami naipenda hii zaidi kwa sababu maana yake inashikika: bekereli 1 ni atomi moja inayobomoka kila sekunde. Pikokyuri 1 kwa lita ni sawa na bekereli 37 kwa mita ya ujazo. Kile kiwango cha 4, basi, ni bekereli 148. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2009 kwamba nchi zijaribu kuweka kikomo cha bekereli 100, na zikishindwa zisipite 300. Hakuna aliyesema kwamba chini ya hapo ni salama kabisa. Hatari hupanda kidogo kidogo pamoja na kipimo, kama ngazi isiyo na kidato cha kwanza.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Shirika la Marekani la kulinda mazingira hukadiria kwamba radoni huchangia vifo 21,000 vya saratani ya mapafu nchini humo kila mwaka, na huihesabu ya pili baada ya sigara. Lilipiga hesabu pia hivi: chukua watu 1,000 wasiowahi kuvuta sigara, waishi maisha yao yote katika nyumba yenye kipimo cha 4; kama 7 kati yao huenda wakapata saratani ya mapafu. Wakiwa wavutaji sigara, ni kama 62. Wavulana wanaojificha nyuma ya choo cha mabweni na wasome sentensi hiyo mara mbili.

Turudi kwa shangazi. Pamoja na ushauri wangu mbovu, alinunua kifaa cha kupimia. Si ghali, ni dola chache tu. Ni kijikopo kilichojaa makaa yaliyotengenezwa maalum, ambayo hufyonza radoni iliyo hewani. Unakifungua, unakiacha siku mbili hadi nne hivi, unakifunga, unakitia ndani ya bahasha yake na kukipeleka posta siku hiyo hiyo, maanake kama nilivyosema gesi yenyewe haikai. Maabara hukipima na kukutumia jibu. Alikifungua mwezi wa Julai, jibu likaja 2.1. Nilishangilia mimi! Nikampigia simu kwa salio langu mwenyewe nimwambie "si nilikuambia?"

Kumbe alikuwa amepima vibaya. Julai kwao ni kiangazi, madirisha yote yalikuwa wazi mchana kutwa, na kijikopo alikiweka juu ya meza ya jikoni ghorofa ya juu, ambako upepo unapita. Maagizo yaliyoandikwa ndani ya pakiti yalisema kinyume: fungaa milango na madirisha saa 12 kabla ya kuanza na uendelee hivyo hadi mwisho (kuingia na kutoka kwa kawaida ni sawa), weka kifaa katika chumba cha chini kabisa kinachokaliwa na watu, kisiwe jikoni wala bafuni, kisiwe karibu na dirisha, na kiwe juu ya sakafu kama nusu mita au zaidi. Sisi watu wa kusoma maagizo baada ya kuharibu kitu tunajijua.

Mwezi wa Januari, theluji imejaa uwanjani, akarudia. Mara hii aliweka viwili, bega kwa bega, kwenye meza iliyo kando ya kitanda chake cha mchana. Wastani wa majibu ulikuwa 9.4. Geuza kwa bekereli upate 348. Yaani katika kila mita ya ujazo ya hewa aliyokuwa akiivuta usingizini, atomi 348 zilikuwa zikibomoka kila sekunde. Na alikuwa amelala humo majira matatu ya baridi.

Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, "Baba, mpe simu babako."

Baba yangu ni fundi mwashi. Hajasoma Fizikia zaidi ya darasa la nane, lakini jambo hili alilielewa kunishinda. Alimuuliza shangazi maswali matatu: sakafu imemwagwa juu ya nini, kuna nyufa wapi, na nyumba inapashwa moto kwa namna gani. Kisha akasema, "Dada, nyumba yako inafyonza ardhi kama mtoto anavyofyonza soda kwa mrija." Nami nikasoma baadaye nikakuta ni kweli tupu. Hewa yenye joto hupanda. Nyumba ikipashwa moto wakati nje ni baridi kali, hewa ya ndani hupanda na kutoroka juu kupitia dari na mianya ya mapaa. Ikishatoka, lazima ingine iingie kuchukua nafasi yake, na sehemu ya hiyo huvutwa kutoka chini: kwenye ufa baina ya ukuta na sakafu, pembeni mwa mabomba ya maji, kwenye lile shimo la kukusanyia maji ya chini. Ndiyo maana kipimo cha Januari kilikuwa zaidi ya mara nne ya kile cha Julai. Na ndiyo maana pia nyumba mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku: moja ina ufa mahali pabaya, nyingine haina. Kusema "jirani amepima, yuko sawa" si kupima.

Wazo la kwanza la shangazi lilikuwa kuziba nyufa kwa saruji na kumaliza maneno. Wanaofanya kazi hii husema kuziba peke yake hakutoshi, na baba aliliunga mkono hilo bila kuulizwa, kwani anajua zege hupata nyufa mpya kila mwaka na hakuna fundi anayeziona zote. Wazo la pili lilikuwa kufungua madirisha. Hilo hufaa kwa saa chache, lakini jaribu kulala madirisha wazi katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Dawa ni kugeuza mfyonzo. Badala ya nyumba kuivuta hewa ya ardhini, bomba liivute kwanza. Tangu 2019 jimbo la Minnesota hutaka wanaofanya kazi hiyo kwa malipo wawe na leseni, kwa hivyo shangazi alitafuta wenye leseni, akapata bei za watu watatu, akachagua ya dola 1,900. Fedha hizo zilikuwa ziwe nauli ya kuja nyumbani Desemba. Nyanya alipoambiwa alinyamaza kwa muda, kisha akasema heri mtoto akawie kuliko asije kabisa.

Mafundi walikuwa wawili na kazi ilikwisha siku moja. Walitoboa sakafu ya zege tundu la kutosha kupitisha bomba la plastiki, wakachota kokoto na mchanga kama ndoo moja ili kubaki na uvungu chini ya zege. Kabla ya hapo walikuwa wametoboa kitundu kidogo kwenye pembe ya mbali, wakakifukizia moshi. Bomba lilipoanza kuvuta, moshi ukaingia kitunduni badala ya kupeperuka chumbani, wakajua mvuto unafika pande zote. Bomba likapandishwa kupitia kabati la nguo hadi darini, na kutoka darini hadi juu ya paa, mbali na madirisha. Feni iliwekwa darini, si chumbani. Nilimuuliza baba kwa nini, akacheka: ikivuja ikiwa chumbani, si itakuwa inawapulizia gesi wale wale uliotaka kuwaokoa? Feni hufanya kazi usiku na mchana bila kuzimwa, ikila umeme wa kiasi cha balbu moja ya zamani. Kisha wakaziba nyufa kubwa na kufunika lile shimo la maji kwa kifuniko kisichopitisha hewa, kwa sababu kuziba sasa kulikuwa na faida: kulisaidia bomba lisivute hewa ya chumbani badala ya ile ya chini.

Kwenye bomba walibandika kijimrija chenye umbo la U na maji ya rangi ndani yake. Maji yakiwa sawa pande zote mbili, feni imekufa. Yakipishana, inavuta. Shangazi hunitumia picha yake kwenye simu kila mwezi, nami huiangalia kwa makini kuliko ninavyoangalia matokeo yangu ya Kemia.

Wakangoja zaidi ya siku nzima, wakapima tena madirisha yakiwa yamefungwa. Jibu: 0.8.

Sasa najua utaniuliza, na sisi je? Ardhi yetu pia ina urani, kwa hivyo radoni tunayo. Lakini nyumba zetu nyingi zinapumua. Hatupashi vyumba moto miezi mitano mfululizo, hatulali vyumba vilivyochimbwa ardhini, na juu ya madirisha kuna matundu ya hewa. Angalau yapo yasipozibwa. Katika bweni letu, kila Julai matundu hayo hujazwa magazeti ya kale ati baridi isiingie, vijana 40 na zaidi ndani, na asubuhi mlango ukifunguliwa hata paka hurudi nyuma. Hilo si jambo la radoni peke yake. Kifua kikuu nacho hupenda vyumba vya namna hiyo.

Mahali pamoja ambapo jambo hili limewavutia watafiti hapa nchini ni kilima cha Mrima, kaunti ya Kwale. Udongo wake una thori kwa wingi, na thori ina ukoo wake kama wa urani. Huzaa nduguye radoni aitwaye thoroni, ambaye nusu yake hugeuka kwa sekunde 56 tu. Kwa kuwa maisha yake ni mafupi hivyo, hawezi kusafiri kutoka chini sana ardhini. Akitaka kumfikia mtu lazima atoke karibu, kwa mfano kwenye ukuta uliokandikwa kwa udongo huo huo. Kwa hivyo nyumba ya namna hiyo haipimwi kwa kuangalia sakafu pekee, na kuta nazo huulizwa. Na kuzipiga lipu husaidia, kwa kuwa gesi hufa njiani kabla haijatokeza. Baba alipenda sana habari hiyo. Alisema ni mara ya kwanza kusikia kwamba lipu ni dawa.

Shangazi amerudi kulala chini mchana. Atapima tena baada ya miaka miwili, kama inavyoshauriwa kwa nyumba yenye feni. Wakenya wenzake kanisani wameanza kuulizana habari za vijikopo, na yeye amenunua kadhaa vya kugawa. Jirani wa upande wa kulia alipima, akapata 1.7. Wa upande wa kushoto bado.